Hotuba Juu ya Ziara Yetu ya Makumbusho ya Kitale



Chama kilitutuma kwenda kuyatazama Makumbusho ya Kitale na kuwaleteeni habari zake. Tuliondoka Bungoma alfajiri, wazee na vijana pamoja, tukapita Webuye, Kamukuywa na Kiminini.

Kwanza asili ya nyumba hiyo. Luteni Kanali Hugh Stoneham alikuwa mkusanyaji wa wadudu, ndege, wanyama na vitabu, na mwaka 1926 alianzisha makumbusho yake mwenyewe. Alipofariki mwaka 1966 aliiachia nchi mali hiyo kwa wasia, pamoja na fedha za kujengea jumba jipya, nalo lilifunguliwa mjini Kitale mwaka 1974. Yaani yalianza kwa vipepeo, na vyombo vya wazee wetu vikaja baadaye. Watoto tuliokuwa nao walipendezwa na nyoka kuliko vyote, wala hatukuwazuia.

Kilichotushughulisha sisi ni nyumba za asili zilizojengwa uwanjani, za Wabukusu na za jirani zetu, wakiwamo Wasabaot na Wanandi. Katika ile ya Kibukusu mzee wetu mmoja alisimama kitambo kirefu, kisha akawaeleza vijana adabu baina ya mtu na mama mkwe wake: nani huingia, nani hubaki nje, na kwa sababu gani. Ukuta hauwezi kuyasema hayo. Ni hivyo hata kwa litungu. Nyuzi zake saba kila mtu aweza kuzihesabu; kuzikaza mpaka zipatane ni elimu ya mpigaji, nayo haitundikwi kabatini.

Zito zaidi ni khuswala kumuse. Mzee mwenye heshima akiisha kuzikwa, msemaji wa ukoo unaostahili husimama mbele ya watu, huenda na kurudi uwanjani, akisimulia tulikotoka na kuwaliwaza waliofiwa. Fimbo yake na vazi lake vyaweza kuhifadhiwa Kitale. Maneno yake je?

Hapo tulitofautiana, tena kwa ukali kidogo. Wengine walitaka maneno hayo yanaswe kwa mashine mara moja, maana wenye kuyajua wanatutoka. Wengine walisema si maneno ya kusemwa pasipo msiba. Sisi twaona wa pili wana haki, ila hofu ya wa kwanza ni ya kweli.

Basi twaomba mkutano ukubali mambo mawili. Kila tarafa ichague vijana wawili waketi na wazee na kuandika katika daftari majina ya vyombo, kazi zake na miiko yake, kwa Kibukusu na kwa Kiswahili, nakala moja ipelekwe Kitale. Na habari ya kumuse iamuliwe na koo zenye kumuse zenyewe, wala si na halmashauri.

Gharama za madaftari mtaziona katika hesabu ya mweka hazina.