Mficha Maradhi: Maelezo ya Mgonjwa Aliyepunguzwa Tumbo

(Hotuba iliyotolewa na mjumbe wa kamati ya jiko katika Jioni ya Afya, wakati wa sherehe za maadhimisho ya hekalu letu)



Kwa miaka 14 nimehudumu katika jiko la hekalu hili. Bila shaka wengi mlitarajia nizungumze juu ya mapishi. Naomba radhi, kwani jioni hii nitazungumza juu ya upasuaji niliofanyiwa miaka mitatu iliyopita ili kupunguza uzito. Nilipoondoka kwenda Ahmedabad, niliwaambia kwamba nakwenda kutibiwa ngiri. Haikuwa ngiri. Nililisema jambo lisilo kweli mbele ya watu wanaoniamini, na uongo huo, kama mtakavyosikia, ulimdhuru mtu mwingine.

Wakati ule nilikuwa na kilo 118, na urefu wangu ni sentimita 158. Mnakumbuka kiti cha plastiki kilichowekwa nyuma, karibu na nguzo. Kilikuwa changu, kwa sababu sikuweza tena kuketi chini pamoja na wenzangu wakati wa sala. Kuizunguka madhabahu mara moja tu kulinifanya nihema kama aliyepanda mlima. Nilidungwa insulini mara mbili kwa siku. Usiku mume wangu alikaa macho akinisikiliza, maana pumzi yangu ilikatika usingizini, kisha ikarudi kwa mkoromo wa kutisha. Yeye ndiye aliyeniambia, kwa sauti ya chini, kwamba kila usiku anaogopa kwamba pumzi haitarudi.

Msidhani kwamba sikujitahidi. Nilikunywa maji ya moto na ndimu, nikafunga siku nyingi kuliko zilizoamriwa, nikaacha wali, nikaacha samli. Kila nilipopungua kilo kumi, mwili ulizidai na kuzirudisha pamoja na riba. Daktari wangu alinieleza kwamba kiribatumbo ni maradhi, wala si uzembe wa tabia tu. Mwili uliokwisha kuzoea uzito mkubwa huutetea kwa kuzidisha njaa. Alinieleza pia kwamba sisi wenye asili ya Asia hupatwa na kisukari tukiwa na uzito mdogo kuliko watu wengine. Ndiyo maana miongozo ya kimataifa ya mwaka 2022 kuhusu upasuaji huu imetuwekea vipimo vya chini zaidi.

Naomba nieleze kilichofanyika, kwa kuwa uvumi ni mwingi. Kwa wiki mbili kabla ya siku yenyewe nilikula chakula kidogo sana, kingi kikiwa cha majimaji, ili ini lisinyae na kumwachia daktari nafasi ya kufanya kazi. Nililazwa kwa dawa ya usingizi. Daktari alitoboa matundu madogo matano tumboni, akaingiza kamera na vyombo vyembamba, akakata na kuondoa takriban robo tatu ya tumbo la chakula. Kilichobaki ni kama mfereji mwembamba. Sehemu iliyoondolewa ndiyo inayotoa kwa wingi homoni ya njaa. Kwa hiyo mtu hushiba upesi na hamu yake ya chakula hupungua. Kilichoondolewa hakirudishwi. Jioni ile ile wauguzi walinisimamisha nitembee, ili damu isigande miguuni.

Siku za mwanzo nilipewa maji katika kikombe cha dawa cha mililita 30, nami nilikinywa kwa robo saa. Baadaye zikaja supu zilizochujwa, kisha choroko zilizopondwa, kisha vyakula laini. Mimi niliyezoea kupika masufuria ya watu mia tano, nilijifunza kula vijiko vinne na kuweka kijiko chini. Katika mwezi wa nne nywele zangu zilitoka kwa mafungu, nikalia bafuni. Zilirudi baadaye.

Sikukuu ya kwanza baada ya upasuaji ilinifunza jambo. Nilipewa ladu mbili za prasad. Nikiwa miongoni mwa wapishi, ningewezaje kukataa kilichobarikiwa? Nilizila zote mbili, upesi, huku nikitabasamu. Dakika chache baadaye nilikuwa nyuma ya jiko, nimejiinamia kwa maumivu, nikitapika. Pujari wetu alinikuta huko. Hakuniuliza ninaumwa nini. Alinipa maji, kisha akasema kwamba prasad haipimwi kwa mizani, na kwamba chembe moja inayopokewa kwa mikono miwili imekwisha kupokewa. Tangu siku ile hupokea chembe moja.

Baada ya mwaka mmoja na nusu nilikuwa na kilo 82. Insulini nimeiacha, ingawa kidonge kimoja cha kisukari bado nakimeza. Mume wangu sasa analala. Nami naketi chini pamoja nanyi.

Lakini sitaki niwauzie ndoto. Kilo nne zimekwisha kurudi. Pia nilipojiona mzima niliacha vidonge vya vitamini, na baada ya miezi kadhaa nyayo zangu zikaanza kufa ganzi. Ilikuwa upungufu wa vitamini B12. Tumbo lililokatwa huishughulikia vitamini hiyo kwa shida, na sisi tusiokula nyama wala mayai huipata kwa uchache tangu mwanzo. Nilidungwa sindano, na sasa napimwa damu kila mwaka. Nitaendelea hivyo maisha yangu yote.

Sasa nifike kwenye jambo lililonileta mbele yenu. Mwaka juzi, binti mmoja wa mtaa huu, ambaye huniita shangazi, alinijia na kuniuliza nimefanyaje hata nikapungua. Nilikuwa na nafasi ya kumwambia kweli. Niliona haya. Nilimjibu: “Ni maji ya ndimu, kufunga, na kutembea.” Aliniamini. Kwa majuma kadhaa aliishi kwa chai na maji ya ndimu, akinisubiri nimsifu, nami nilimsifu. Siku moja alianguka kwenye ngazi za kwao, akakaa hospitalini siku tano akitundikiwa maji. Mama yake alinipokea mlangoni na kuniambia bila hasira: “Dada, mwanangu alikuwa akifuata maneno yako.”

Wahenga walisema kwamba mficha maradhi, mauti humuumbua. Maradhi yangu mimi yalikaribia kumuumbua mtoto wa mwenzangu. Nimekwisha kumwomba radhi binti huyo na mama yake nyumbani kwao, nao wameniruhusu kulisimulia jambo hili. Jioni hii nawaomba radhi ninyi nyote.

Sikusimama hapa kumshawishi mtu yeyote akatwe tumbo. Upasuaji una hatari zake: kuvuja mahali paliposhonwa, kuganda kwa damu, maambukizi. Anayeufikiria na amwone daktari bingwa, aulize atafuatiliwa na nani baada ya miaka mitano, na amwambie angalau mtu mmoja kweli yote. Wengine wataponea kwa dawa, wengine kwa kubadili chakula. Kila mwili una hesabu yake.

Kwetu sisi wa jiko nina maombi mawili. Mtu anaposema “inatosha,” tusimwongezee kijiko kwa kumpenda. Huenda upendo huo ukamtapisha nyuma ya ukuta. Na katika kila mlo wa sikukuu, kando ya puri na halua, pawepo sahani ya choroko au dengu zisizo na mafuta mengi, ili mgonjwa ale pamoja na wenzake bila kujieleza.

Na kwetu sote: tunapokutana mlangoni, tuache kusalimiana kwa kutaja unene na wembamba. Tuulizane hali. Na anayeulizwa, ajibu kweli.

Kile kiti cha plastiki bado kipo karibu na nguzo. Naomba kisiondolewe. Atakayekihitaji aketi bila haya, na akitaka mtu wa kuzungumza naye, mimi nipo jikoni.