Kisigino Kinapogoma Kando ya Ziwa Kivu

Likizo zikifika, ufukwe wa Gisenyi hupokea watembeaji wengi. Wapo wanaoanzia hapa njia ya Congo Nile, kilomita 227 za vilima hadi Rusizi kupitia Karongi, na baadhi yao huja na miguu iliyozoea kiti cha ofisini na ndala.

Siku ya kwanza hupita vizuri. Asubuhi ya pili mtu anashuka kitandani, anakanyaga sakafu, na kisigino kinachoma kama kimekutana na msumari. Baada ya hatua kadhaa maumivu yanapoa, naye anadhani yamekwisha. Jioni yanarudi.

Kinachouma ni mkanda wa nyuzi ngumu unaotoka mfupa wa kisigino hadi karibu na vidole, ukishikilia upinde wa unyayo. Mwendo ukiongezwa ghafla, mkanda huo huumia. Na milima hukaza vigimbi, navyo huuvuta zaidi.

Tiba ya kwanza haihitaji duka la dawa. Kabla ya kusimama, mgonjwa apitishe kitenge chini ya vidole na kuvivuta polepole kuelekea kwake kwa nusu dakika, mara tatu. Jioni aviringishe unyayo juu ya chupa ya maji baridi. Asitembee peku kwenye saruji.

Chemchemi za maji moto za Nyamyumba hulegeza misuli, ni kweli, lakini hazichukui nafasi ya kupumzika. Kuahirisha kilima kimoja si aibu hata kidogo. Na asiyeweza kabisa kukanyaga, au anayehisi ganzi, aende kituo cha afya siku hiyohiyo.