Nyumba ya Kupangisha: Neno kwa Mvuvi wa Kojani

Leo nataka kuzungumza nanyi juu ya jambo lisemwalo sana katika baraza za Kojani, hasa vyombo virudipo kutoka dago: mtu aliyejaliwa kupata fedha kidogo, azitie wapi zisipotee?

Mvuvi aijua taabu ya pato lake. Pato hilo hufuata mwezi na pepo: bamvua si sawa na maji mafu, na siku za kusi kali chombo hukaa pwani. Ndiyo sababu wengi huenda dago, wakakaa miezi mbali na wake na watoto wao, Unguja au bara. Basi mtu kama huyo hupendezwa sana akiambiwa kwamba nyumba ya kupangisha huleta fedha kila mwezi, pepo zivume zisivume.

Neno hilo lina kweli ndani yake. Lakini Kojani penyewe nyumba zimebanana, na wakaao ni jamaa. Wageni watafutao chumba ni wachache. Kwa hiyo jicho huelekea Wete, Chake Chake au mjini Unguja, ambako mwalimu, mganga na karani hutaka mahali pa kukaa. Na hapo ndipo hatari ianzapo. Kojani wajua kila nyumba ni ya nani, na babu yake alikuwa nani. Huko mjini hujui. Waonyeshwa kuta nne na bati jipya, nawe wadhani umekwisha kuiona nyumba. Kumbe ulichokiona ni kuta tu, haki hukuiona.

Swali la kwanza, basi, si "Yaleta kodi kiasi gani?" Swali la kwanza ni "Ya nani?"

Natoe mfano. Mtu amekufa, na wazazi wake walimtangulia. Ameacha mke mmoja, watoto wanaume 2 na wanawake 4, na nyumba moja. Mtoto mkubwa akutana nawe, akuonyesha funguo, akuambia, "Nyumba hii ni ya baba, nami ndimi mkubwa. Lete fedha." Tuigawe nyumba hiyo kwa sheria ya mirathi. Mke hupata thumuni, na kila mwanamume hupata mafungu mawili ya mwanamke. Tukiifanya nyumba kuwa mafungu 64, mke ana 8, kila mwanamume ana 14, na kila mwanamke ana 7. Basi huyo aliyeshika funguo ana mafungu 14 katika 64, hata robo haitimii! Ukimlipa bei yote, ndugu zake watakuja siku moja kudai haki yao, nao hawatakuwa na kosa. Usinunue nyumba ya urithi mpaka mirathi imekwisha kuthibitishwa na kila mrithi ameridhia kwa maandishi. Uliza pia kama nyumba ni ya wakfu, kwa kuwa mali ya wakfu haiuzwi. Kamisheni ya Wakfu na Mali ya Amana ndiyo mahali pa kuulizia mambo hayo.

Jambo la pili ni ardhi iliyo chini ya nyumba. Zamani, kule Ng'ambo ya mji wa Unguja, watu wengi walikuwa na nyumba lakini hawakuwa na ardhi. Walimlipa mwenye ardhi kodi ya mahali nyumba iliposimama. Kodi hizo zilipozidi, mwaka 1928 watu wa Ng'ambo walikataa kuzilipa, ikawa fitina kubwa mjini. Baada ya Mapinduzi ya 1964 ardhi yote ilifanywa kuwa ya Serikali, na kwa sheria ya mwaka 1992 mtu hupewa haki ya kuitumia. Kwa hiyo mwulize mwuzaji karatasi ya haki hiyo, na jina lililoandikwa ndani yake. Kisha nenda ofisi ya ardhi, ukaulizie karatasi ile kama ni ya kweli. Nenda kwa sheha wa mahali pale. Kaa barazani na majirani, uwasikilize. Tena jua kwamba uhaulishaji wa ardhi hupitia bodi iliyowekwa kwa sheria ya mwaka 1994. Kupeana mikono na kunywa kahawa hakutoshi.

La tatu ni bei khiyari. Wazee wa Pemba walijua uchungu wake. Mwenye shamba la karafuu aliyetaka fedha "aliuza" shamba lake kwa sharti ya kulikomboa, akabaki humo akilipa kodi. Na kodi ile, kwa kweli, ilikuwa riba iliyovishwa kanzu. Mashamba mengi yaliingia mikononi mwa wakopeshaji kwa deni na rehani, hata mwaka 1934 Serikali ya siku zile ikatunga sheria ya kuzuia mashamba yasihamishwe ovyo. Basi mtu akikuambia, "Nunua nyumba yangu, nami nitakaa humo nikulipe kodi mpaka niikomboe," fahamu kwamba hakuuzii nyumba. Akukopa fedha.

Ukisharidhika kuwa nyumba ni ya mwuzaji, ndipo sasa ushike kalamu. Tuseme, kwa mfano tu, nyumba yauzwa shilingi 20,000,000, na kodi yake ni 150,000 kwa mwezi. Upesi utasema, "Kwa mwaka ni 1,800,000." Ngoja kidogo. Toa miezi 2 ambayo nyumba huenda ikakaa tupu, yaani 300,000. Toa 250,000 za bati, choo, rangi na kitasa. Zimebaki 1,250,000. Basi fedha zako zitarudi kwa miaka 16, si kwa miaka 11 kama ulivyodhani. Hiyo si hasara, bali ni mwendo wa polepole, na mwenye haraka asiuanze. Kwa ajili hiyo usiuze chombo wala mashine yako ili ununue nyumba. Chombo ndicho kikulishacho leo. Nyumba itamlisha mwanao.

Kama fedha za mmoja hazitoshi, ndugu wawili watatu waweza kushirikiana, lakini waandike tangu siku ya kwanza nani ametoa ngapi. Wahenga walisema, mali bila daftari huisha bila habari. Na mpangaji naye apewe mkataba na stakabadhi, na paa likivuja litengenezwe upesi. Mpangaji mwema akikaa miaka mitano ana faida kuliko watano wakaao mwaka mmoja mmoja.

Ndugu zangu, fedha ya dago ni fedha ya usiku, ya baridi na ya upweke. Kabla hujamkabidhi mtu fedha hiyo, uliza mara moja zaidi: "Nyumba hii ni ya nani?" Mwuzaji wa haki hatakasirika.