Kuchora kwa Nuru: Projekta ya Leza Inayoundwa Nyumbani



Wavuvi wa Ujiji na Kibirizi hawahitaji kufundishwa kwamba nuru ni chombo cha kazi. Usiku wa giza huwasha taa juu ya ziwa na dagaa wakavutwa. Mwezi ukipevuka, mitumbwi hupumzika. Mashine inayozungumzwa hapa huitumia nuru kwa namna nyingine: huchora.

Projekta ya kawaida hutupa ukutani picha nzima kwa pamoja. Hii ya leza hutembeza nukta moja tu, mfano wa mtoto achoraye mchangani kwa kijiti bila kukiinua. Nukta ikirudia njia yake zaidi ya mara 20 kwa sekunde, jicho haliioni tena; laona mstari uliotulia.

Kinachoiendesha ni vioo viwili vidogo: kimoja huiyumbisha kushoto na kulia, cha pili juu na chini. Fundi wa nyumbani huchukua spika mbili kuukuu, akagandisha ukingo mmoja wa kioo chepesi kwenye koni na kuuegemeza wa pili kwenye fremu, ili koni ipandapo kioo kiiname. Amplifaya ya redio yenye njia mbili huzisukuma. Milio miwili iliyo sawa, mmoja ukitangulia kwa robo ya mzunguko, hutoa duara. Mmoja ukiwa na kasi maradufu, yaweza kutoka namba nane. Si jambo geni. Mfaransa Jules Lissajous alichora hivyo mwaka 1857 kwa vioo vilivyofungwa kwenye uma za chuma zinazolia, miaka 103 kabla ya Theodore Maiman kuwasha leza ya kwanza huko Marekani.

Kijana atakayejaribu kuchora MV Liemba asishangae meli ikitoka na pua ya mviringo: kioo kina uzito, hakiwezi kugeuka ghafla penye kona.

Lililo zito ni macho. Lenzi ya jicho huukusanya mwale hadi doa dogo mno kwenye retina, na palipoungua hapaponi. Kwa leza isiyozidi miliwati 1, kupepesa jicho kwa kawaida hutosha kulinda. Lakini baadhi ya leza za kijani za bei rahisi zimepimwa zikakutwa zimezidi kiwango kilichoandikwa kwenye kibandiko, na nyingine hutoa pia nuru isiyoonekana, ambayo jicho haliipepesi.

Basi mashine iwekwe juu ya usawa wa macho, ielekezwe ukuta usiong'aa. Vioo vikikwama, leza izimwe mara moja, kwa maana nukta iliyosimama hubeba nguvu zote mahali pamoja. Mwale usielekezwe ziwani wala angani. Mboni za mvuvi usiku zimepanuka, na rubani anayeshuka uwanja wa ndege wa Kigoma aweza kuona kioo chake chote kimejaa kijani.

Aliyepigwa na mwale kisha akaona doa lisiloondoka asisugue jicho wala kutia dawa ya dukani. Aende kituo cha afya siku hiyo hiyo.