Shilingi Mia kwa Mwezi: Amri ya Matunzo Hali Inapobadilika



Kabla ya mwaka 2009, mama wa Tanzania aliyezaa nje ya ndoa na kumshitaki baba wa mtoto alipangiwa na sheria ya enzi za mkoloni kiwango kisichozidi shilingi 100 kwa mwezi. Zamani fedha hiyo ililisha mtoto. Shilingi ikashuka thamani, unga ukapanda bei, nayo 100 ikabaki 100, hadi ikawa haitoshi hata nauli ya daladala ya kwenda kuifuata. Sheria ya Mtoto ya 2009 ndiyo iliyoizika. Naanza na shilingi hizo kwa sababu zinatuonyesha jambo zito: amri ya matunzo isiyokwenda na maisha humdhulumu mtoto, ingawa hakuna aliyeivunja.

Sheria zetu zinalijua hilo. Kifungu cha 121 cha Sheria ya Ndoa ya 1971 kinairuhusu mahakama kubadili au kufuta amri ya matunzo wakati wowote, ikiombwa na anayelipa au anayelipwa, pale hali ilipobadilika kwa kiasi kikubwa au amri ilipojengwa juu ya maelezo ya uongo. Sheria ya Mtoto nayo ina mlango wake wa kubadili amri. Hata mapatano ya maandishi baina ya anayelipa na anayelipwa, yawe yamesema hayaguswi, mahakama yaweza kuyagusa.

Basi tatizo liko wapi? Liko kwenye ukimya. Baba anapunguzwa kazi. Badala ya kurudi mahakamani, anatuma nusu kwa simu, mwezi wa tatu hatumi kitu, kisha anabadilisha laini. Moyoni anajiambia kwamba hana, na asiye na kitu hadaiwi. Anadaiwa. Amri inaendelea kuhesabu, na yasiyolipwa yanakuwa deni. Mfuko wake umebadilika. Amri haijabadilika, kwa kuwa aliyeiandika hajaambiwa. Mama naye ana ukimya wake: mtoto ameanza sekondari, au amegundulika ana selimundu na kliniki ni kila mwezi, lakini kwa kuogopa kuitwa mkorofi anabaki na kiwango kilichopangwa mtoto akiwa ananyonya.

Mawakili wanisamehe, lakini shauri la namna hii halihitaji ufasaha mwingi. Linahitaji karatasi: barua ya kuachishwa kazi, hati ya mshahara, cheti cha daktari, risiti za shule, orodha ya miamala ya simu. Mahakama hupima kipato na mali za wazazi wote wawili, watoto wengine wanaowategemea, na gharama za maisha za mahali mtoto anapoishi. Kwa maoni yangu, aliyeacha kazi kwa makusudi ili asilipe hastahili kupunguziwa hata senti, na hakimu asione haya kumuuliza anakula nini.

Kuna mkanganyiko mmoja naukuta kila mara. Mtalaka akiolewa tena, matunzo yake yeye hukoma. Ya mtoto hayakomi, hata baba wa kambo awe tajiri. Na miaka 18 ndiyo kikomo cha kawaida cha amri ya mtoto, ila mahakama yaweza kuiendeleza akiwa bado masomoni. Wanafunzi mlio hapa, hilo linawahusu.

Wewe uliyepoteza kazi mwezi huu, nenda kwenye masjala ya mahakama iliyotoa amri ukiwa na barua yako mkononi, kabla tarehe ya malipo haijafika. Na wewe unayelea kwa kiwango cha miaka kumi iliyopita, nenda pia. Huendi kuomba hisani.