KIPIMA GESI KITUNDIKWE WAPI?
(Hotuba kwa wanachama wa viwanda vya chai, Kisii na Nyamira)



Nimeombwa niseme juu ya vipima gesi, vile vyombo vidogo vyenye kengele. Juu ya bei yake sitasema. Nitasema juu ya mahali pa kuvitundika, kwa sababu hapo ndipo tunapodanganywa, na pengine tunajidanganya wenyewe.

Niliingia katika kiwanda kimoja, jina lake naliacha. Jikoni mwa kantini palikuwa na mitungi miwili ya gesi ya kupikia, na kipima gesi kimetundikwa juu karibu na dari, mahali ambapo kila mgeni atakiona. Nikamwuliza mkubwa wa hapo, mbona kule juu? Akanijibu, "Gesi hupanda kama moshi."

Ndugu zangu, gesi ya mitungi haipandi. Ni mchanganyiko wa propeni, iliyo nzito kuliko hewa mara moja na nusu, na buteni, iliyo nzito mara mbili. Ikivuja hutambaa sakafuni kama maji, ikaingia chini ya meza na katika mifereji, ikangoja cheche. Ikifika sehemu 2 hivi katika 100 za hewa, huweza kuwaka. Basi kipima chake kikae chini, kama sentimita 30 kutoka sakafuni, karibu na mitungi, lakini pasiporukiwa na maji ya kuoshea vyombo. Usiku wa tarehe 1 Februari, 2024, gesi ya namna hii ililipuka Embakasi, Nairobi. Watu walikufa, na mamia wakaumia, wengi wao wakiwa majumbani mwao.

Gesi ya samadi, ambayo baadhi yetu tunayo nyumbani kwa sababu ya ng'ombe, ni kinyume: hiyo ni nyepesi na hupanda. Labda yule mkubwa alikuwa amesikia habari ya hiyo.

Lakini kwetu adui mbaya zaidi ni yule asiye na harufu. Viwanda vya huku, toka Nyansiongo na Kebirigo hata Kiamokama na Ogembo, huchoma kuni kupata mvuke wa kukausha chai. Kuni zisipopata hewa ya kutosha hutoa kaboni monoksaidi. Uzito wake ni karibu sawa na wa hewa, kwa hiyo huchanganyika nayo pote. Kipima chake kikae kimo cha pua ya mchochea moto, pale pale anaposimama mbele ya boila, wala si mlangoni penye upepo.

Na askari wa usiku je? Baridi ya Nyamira mnaijua. Huingiza jiko la makaa kibandani na kufunga mlango. Huyu anahitaji kipima kuliko mtu ye yote, na kabla ya kipima anahitaji koti zito, ili jiko libaki nje.

Tena msikubali chombo kimoja kwa kazi zote. Cha gesi ya mitungi huenda kisitambue kaboni monoksaidi kabisa. Vumbi la chai huziba tundu zake. Dawa za kupuliza zenye silikoni huua aina nyingine kimya kimya, na taa ya kijani inaendelea kuwaka. Kile kitufe cha majaribio mara nyingi hupima kengele tu, hakipimi pua ya chombo. Takeni kijaribiwe kwa gesi yenyewe ya kupimia, na tarehe iandikwe.

Sheria ya Usalama na Afya Kazini ya mwaka 2007 yataka kamati ya usalama penye wafanya kazi 20 au zaidi. Basi wajumbe wetu wasingoje fundi atoboe ukuta. Watembee naye, wamwulize mchochea moto kichwa humwuma akiwa wapi, na saa ngapi za zamu.

Mahali pengine nimeona kengele imefungwa kitambaa kwa kuwa ililia sana, na mnyapara alikuwa akikata saa za waliotoka nje. Sheria hiyo hiyo yasema mfanya kazi aliyearifu hatari kubwa asilazimishwe kurudi mpaka irekebishwe. Neno hilo la saa na mshahara tutalipeleka kwa waajiri. Kila tawi lilete katika mkutano ujao mchoro wa kiwanda chake, na alama mahali kila kipima kilipo leo.