Miti Iliyokomaa ni Mingapi?

Msikilizaji, tangazo la Rais kule Molo, Kenya, Jumapili moja ya Julai 2023, ulilisikia, na bila shaka ulilijadili na jirani. Marufuku ya kukata miti katika misitu ya serikali, iliyowekwa Februari 2018 kwa siku 90 kisha ikaongezwa mara kwa mara, iliondolewa. Watu wa Elburgon, wanaotegemea mbao, walishangilia, na hatuwalaumu. Kiwanda cha mbao kikifungwa, karo hukosekana nyumba nyingi.

Linalotutia wasiwasi ni jingine. Rais alisema ikatwe miti iliyokomaa. Mingapi? Msitu upi? Mwaka upi?

Hesabu yenyewe si ngumu. Chukua msitu wenye hekta 3,000 za saipresi, mti unaochukua takriban miaka 30 kufaa kwa mbao. Ukitaka msitu huo udumu, kata hekta 100 kwa mwaka na uzipande upya papo hapo. Ukikata hekta 300 kila mwaka, baada ya miaka kumi hakuna tena mti wa kupasua mbao. Utabaki na visiki na miche. Ni kweli marufuku ililimbikiza miti, na mingine ikaoza ikiwa imesimama. Basi hiyo nayo ihesabiwe kando, isigeuzwe kisingizio cha kila mwaka.

Tulifunga 1999, tukafungua. Tukafunga 2018, tukafungua tena 2023. Kufunga si kiwango. Kufungua si kiwango. Tunataka mita za ujazo za kila msitu, kwa kila mwaka, zibandikwe kwenye lango la kila kituo cha misitu. Mingapi?

Jopokazi la serikali yenyewe liliandika mwaka 2018 kwamba ufisadi umekita mizizi katika usimamizi wa misitu yetu. Basi bila kiwango, askari wa msitu aliye mwaminifu atalizuia lori kwa msingi gani? Kibali kinasema paini. Juu kweli ni paini. Chini yake kuna magogo ya mwerezi, mekundu, yananukia, na mwerezi huo umetoka msitu wa asili wa Mau, unakoanzia mto Mara, unakoanzia Sondu, unakoanzia Njoro. Nani atahesabu?

Waziri, tangaza kiwango kabla ya msumeno kuwashwa. Wabunge wa Bonde la Ufa, acheni kupongezana, ulizeni mingapi! Nanyi wanachama wa vyama vya jamii vya misitu, sheria ya 2016 imewapa nafasi katika usimamizi wa msitu wenu. Itumieni! Nendeni kituoni wiki hii, mwombeni msimamizi awaonyeshe mpango wa uvunaji wa mwaka huu, hekta kwa hekta. Akisema haupo, simameni langoni, myahesabu malori wenyewe, na mtupigie simu hapa redioni mtuambie mmehesabu mangapi.